Boti Juu ya Nchi Kavu: Ukaguzi wa Majira ya Baridi

Katika nchi za baridi, boti ya matembezi hukaa majini takriban nusu ya mwaka tu. Mfano mzuri ni Chicago, jiji la Marekani lililo ufukoni mwa Ziwa Michigan, ambako msimu wa bandari za boti huanza Mei na kuisha Oktoba. Vuli inapoingia, boti za matanga huonekana zikipanda Mto Chicago kwa msafara, na madaraja ya katikati ya jiji huinuliwa moja baada ya jingine kuipisha milingoti yao. Safari hiyo huishia kwenye yadi za kuhifadhia boti, ambako kila chombo hunyanyuliwa kwa kreni, hupangwa juu ya nchi kavu, hufunikwa na kusubiri hadi Aprili au Mei.

Ziwa lenyewe ni pana. Lina kilomita za mraba zipatazo 58,000, pungufu kidogo kuliko Ziwa Victoria lenye karibu 69,000. Lakini Victoria limekaa juu ya ikweta na haligandi kamwe. Michigan hufanya barafu kila mwaka, hasa kwenye ghuba na bandari zake. Machi 2014 barafu ilifunika zaidi ya asilimia 90 ya uso wake. Tarehe 30 Januari 2019, kipimajoto cha Chicago kilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Chombo kilichoachwa katika hali hiyo kwa miezi sita hakihitaji dhoruba ili kiharibike. Mfereji mmoja mdogo ulioziba kwa majani unatosha. Ndiyo maana mwenye boti hutakiwa kwenda kuitazama mara kwa mara, ingawa haendi nayo popote.

Adui ni maji yaliyokwama

Baridi peke yake haivunji boti. Faibaglasi, alumini na mbao nzuri huvumilia nyuzi nyingi chini ya sifuri bila shida. Kinachovunja ni maji yaliyonaswa mahali yasipoweza kutoka. Yakiganda, hutanuka kwa karibu asilimia 9. Chupa ya maji iliyojazwa hadi mdomoni na kusahaulika kwenye friza hupasuka kwa sababu hiyo, na chuma cha injini, shaba ya koki na plastiki ya pampu hupasuka vivyo hivyo.

Ubaya wa maji ni kwamba hubadilisha sura. Theluji hulala juu ya turubai kama mzigo. Jua la mchana likiiyeyusha, hupenya kwenye ufa mwembamba usioonekana. Usiku maji yale huganda ndani ya ufa na kuupanua. Kesho yake maji mengi zaidi huingia. Yasipoganda, hugeuka unyevu unaolea kuvu kwenye magodoro na kutu kwenye nyaya. Ukaguzi wa majira ya baridi, kwa hiyo, ni kazi ya kuyafuata maji: yameingilia wapi, yamekaa wapi, na njia yao ya kutokea iko wazi au imeziba.

Maandalizi yanayokaguliwa

Mkaguzi hawezi kujua kilichoharibika bila kujua kilichofanywa siku boti ilipofungwa. Kwa kawaida injini hubadilishwa oili kabla ya kulala, kwa sababu oili iliyotumika hubeba asidi na unyevu unaokula chuma kwa miezi yote ya kusubiri. Maji ya kupozea hutolewa kwenye bloku ya injini, kisha dawa ya kuzuia kuganda hupitishwa kwenye mabomba yake. Tangi la petroli hutiwa dawa ya kuhifadhi mafuta, maana petroli ya Marekani huchanganywa na ethanoli, na ethanoli hunywa unyevu wa hewani. Mchanganyiko huo ukishiba maji, hujitenga na kutua chini ya tangi, pale pale injini inapovutia mafuta yake.

Mabomba ya maji ya kunywa, ya choo na ya bafu nayo hukaushwa na kutiwa dawa. Huku hutumika propileni glaikoli, ambayo aghalabu hutiwa rangi ya waridi na haina sumu kali. Ethileni glaikoli, inayotumika sana kwenye rejeta za magari, ni sumu. Ladha yake ni tamu, na mbwa akilamba kidogo iliyomwagika yadini anaweza kufa. Mwisho, kizibo cha chini ya chombo hufunguliwa ili maji yoyote yatakayoingia yatoke yenyewe. Wenye uzoefu hukifunga kizibo hicho kwenye usukani au kwenye ufunguo wa injini, ili kisisahaulike siku ya kushua.

Lini na mara ngapi

Kwa boti iliyo nje, ukaguzi mmoja kwa mwezi ndio uchache wa kutosha. Lakini kalenda si mwongozo bora kuliko hali ya hewa. Kuna matukio matatu yasiyopaswa kupita bila mtu kwenda yadini: theluji nzito, upepo mkali, na siku za joto la ghafla katikati ya baridi, ambapo barafu huyeyuka kisha kuganda tena. Februari na Machi ndiyo miezi yenye hila zaidi. Mchana huyeyusha, usiku hugandisha, na mchezo huo hurudiwa wiki baada ya wiki.

Anayeishi mbali hupatana na jirani wa yadini au huwalipa mafundi wa yadi wamfanyie kazi hiyo. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: tochi, ufagio laini, kamba za akiba, kipimo cha volti, matambara, na daftari. Daftari hudharauliwa, lakini ndilo linaloonyesha kama dimbwi la leo ni lile la mwezi jana au ni jipya.

Chini ya boti

Ukaguzi huanzia ardhini, kabla mtu hajagusa ngazi. Boti nyingi za yadini husimama juu ya magogo au matofali ya mbao yaliyowekwa chini ya mkuku, na ubavuni hushikwa kwa stendi za chuma zenye miguu mitatu na parafujo ya jeki. Uzito wa chombo hubebwa na magogo ya chini. Stendi huzuia tu kisiegemee upande. Kwa kuwa ubavu wa chombo umeinama, kila stendi hupenda kuteleza kwenda nje. Ndiyo sababu stendi ya kulia na ya kushoto huunganishwa kwa mnyororo unaopita chini ya chombo. Mnyororo uliolegea au uliokatika ni dosari ya kuripotiwa saa ile ile.

Ardhi yenyewe hucheza. Udongo wenye maji ukiganda huvimba na kuinua kilicho juu yake. Ukiyeyuka hugeuka tope na miguu ya stendi huzama. Kwa hiyo vipande vya mbao huwekwa chini ya miguu hiyo ili kutandaza uzito. Mkaguzi huzunguka chombo, hutazama kama stendi zote bado zimesimama wima, kisha huigusa kila moja kwa mkono. Iliyokaza haitikisiki, iliyolegea hucheza. Hapo haruhusiwi kuikaza mwenyewe wala kupanda juu. Parafujo ikizungushwa kupita kiasi upande mmoja, stendi ya upande wa pili huachia, na tani kadhaa za chombo huanza kuegemea. Kazi hiyo ni ya watu wa yadi.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kufunga kamba za turubai kwenye stendi. Upepo ukiingia chini ya turubai, huivuta kamba. Kamba huvuta stendi. Stendi ikitoka, chombo huanguka na mara nyingi huangukia cha jirani. Kamba hufungwa kwa kuzungushwa chini ya chombo chenyewe, au huning'inizwa madumu ya maji yaliyojazwa kiasi ili kuacha nafasi ya kuganda.

Kifuniko na mzigo wa theluji

Boti hufunikwa kwa turubai lililotandazwa juu ya fremu ya mbao au mabomba, au kwa plastiki nyeupe inayopashwa moto ikajibana mwilini. Vyote viwili vina kazi ya kumwaga maji pembeni. Penye bonde, hata dogo, maji hujikusanya, huganda, huwa mazito na kulifanya bonde lizidi kuwa kubwa.

Uzito wa theluji hauonekani kwa macho. Katika dhoruba iliyoanza tarehe 31 Januari 2011, Chicago ilipata theluji ya sentimita zipatazo 54. Theluji mpya iliyo kavu inaweza kuwa na kilo 100 kwa kila mita ya ujazo. Juu ya kifuniko chenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 3, kina hicho kikitulia chote ni zaidi ya tani moja na nusu. Theluji ikilowa maji, uzito huweza kuongezeka maradufu au zaidi. Fremu iliyofungwa kiholela huvunjika, na kifuniko kilichozama ndani huwa karai la kukusanyia mvua ya Machi.

Theluji huondolewa kwa ufagio laini, na kwa utaratibu wa kupunguza kidogo kila upande ili chombo kisielemewe upande mmoja. Koleo la chuma huchana turubai. Barafu iliyoshikana haipigwi. Huachwa ijiachie yenyewe jua likitoka. Baada ya hapo mkaguzi hutafuta mahali turubai linaposuguana na pembe ya chuma, maana tundu la ukubwa wa sarafu hupasuka kuwa la mita moja kwa usiku mmoja wa upepo. Matundu ya hewa nayo hutazamwa: kifuniko kilichozibwa kabisa hunasa mvuke ndani, na mvuke huo hudondoka kama mvua juu ya sitaha.

Mifereji na koki

Sitaha na sehemu ya kukaa nahodha zina mifereji ya kutolea maji. Majani ya vuli huingia chini ya turubai na kuziba midomo yake, na kipande cha barafu hufanya vivyo hivyo. Maji yakikosa njia, hupanda hadi kizingiti cha mlango kisha humwagika ndani, na chombo kilicho nchi kavu huweza kujaa maji kama kilichozama. Mkaguzi husafisha kila mdomo kwa mkono, kisha humwaga maji kidogo au dawa ya kuzuia kuganda kuona kama inatokea upande wa pili.

Koki za chini ya mstari wa maji ndizo zenye mtego wa kificho. Nyingi zina tufe lenye tundu katikati: likigeuzwa upande mmoja maji hupita, likigeuzwa upande mwingine hufungika. Koki ikifungwa ikiwa na maji, tone kubwa hubaki limefungiwa ndani ya tundu la tufe. Nje panaonekana pakavu kabisa. Tone likiganda, hupasua mwili wa koki kwa ufa mwembamba kama unywele, na ufa huo haujulikani hadi siku boti inaposhuliwa na maji kuanza kuingia. Kwa hiyo, kwa boti iliyo nchi kavu, koki huachwa wazi baada ya kukaushwa, na mkaguzi huthibitisha kwamba hakuna aliyezifunga kwa nia njema.

Ndani ya chombo

Mlango ukifunguliwa, pua hutangulia macho. Harufu ya ukungu humaanisha hewa haizunguki. Harufu ya petroli ni onyo la hatari: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutua chini kwenye ngama, na cheche moja ya swichi yaweza kuulipua. Ikisikika, hakuna taa wala kifaa kinachowashwa. Mlango huachwa wazi na yadi hujulishwa.

Baada ya hapo ubao wa sakafu hufunuliwa na ngama kutazamwa kwa tochi. Inatakiwa iwe kavu. Maji yakionekana, haitoshi kuyakausha na kuondoka. Chanzo chake hutafutwa kwa kupapasa chini ya madirisha, kando ya mlingoti na kuzunguka kila parafujo inayopenya sitaha. Alama ya mchirizi ukutani huonyesha njia. Magodoro yaliyobaki husimamishwa kwa ubavu ili hewa iyapitie pande zote, makabati huachwa wazi, na vyombo vya kloridi ya kalsiamu, inayonyonya unyevu, humwagwa maji yaliyojikusanya na kujazwa upya.

Panya huhitaji macho makali. Kwao boti iliyofunikwa ni nyumba yenye paa, na ganda la waya za umeme ni kitu cha kutafuna. Hupandia kwenye ngazi iliyoachwa imeegemezwa, kwenye kamba, au huingilia bomba la moshi wa injini. Bomba hilo huzibwa kwa wavu wa chuma, na utepe mwekundu hufungwa kwenye usukani kumkumbusha atakayewasha injini. Vinyesi, magodoro yaliyotobolewa au vumbi la plastiki ni dalili ya kufuata nyaya sentimita kwa sentimita.

Betri na injini

Betri ya asidi na risasi hupoteza chaji yenyewe hata ikikaa bila kazi. Ikiwa imejaa, haigandi hadi baridi ipite nyuzi 50 chini ya sifuri, baridi ambayo Chicago haijawahi kuiona. Ikiisha chaji, kimiminika chake hukaribia kuwa maji matupu na huweza kuganda kwenye nyuzi 7 hivi chini ya sifuri; ganda lake hupasuka na asidi humwagika. Kipimo cha volti hutoa jibu haraka. Betri ya volti 12 iliyopumzika ikisoma 12.6 au zaidi, imejaa, ikisoma 12.4, ina takriban robo tatu na ipelekwe kuchajiwa, ikisoma 12.0, iko hatarini. Betri iliyokwisha kuganda haichajiwi kamwe, kwa sababu huweza kulipuka. Wengi huzitoa kabisa na kuzitunza nyumbani. Wanaotegemea paneli ya jua hukumbuka kwamba paneli iliyo chini ya theluji haifanyi kazi.

Kwenye injini, mkaguzi hutafuta doa jipya sakafuni. Dawa ya waridi iliyodondoka ni dalili ya bomba lililoachia. Oili yenye rangi ya maziwa humaanisha imechanganyika na maji. Injini ya kufunga nyuma huhifadhiwa ikiwa imesimama wima ili maji yote yashuke, na oili ya giaboksi yake ikionekana nyeupe, maji yameshaingia na ganda la gia laweza kupasuka. Bloku iliyopasuka kwa kuganda mara nyingi haitengenezeki, na sera nyingi za bima hazilipi hasara hiyo bila nyongeza maalumu.

Usalama wa mkaguzi

Ajali za yadini huwapata watu pia, si boti tu. Sitaha yenye barafu ikiwa mita tatu juu ya zege ni hatari zaidi kuliko sitaha hiyo hiyo majini. Ngazi hufungwa juu na chini, viatu huwa vyenye nyayo za kushika, na mtu mwingine hujulishwa saa ya kwenda na ya kurudi. Jiko la mkaa, jenereta au hita ya gesi haviwashwi ndani ya kifuniko kwa ajili ya kuota moto. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na plastiki iliyojibana mwilini mwa boti huizuia isitoke.

Boti zinazobaki majini

Baadhi ya wenye boti huziacha bandarini. Hapo hutumika mashine inayosukuma maji ya chini kuja juu, au bomba linalotoa mapovu. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4, hivyo maji ya vilindini hubaki na joto kidogo hata uso ukiwa umeganda. Yakiletwa juu, huyeyusha barafu iliyo ubavuni. Boti hizo hukaguliwa mara nyingi zaidi, kwa sababu umeme ukikatika usiku mmoja, barafu hukamata chombo pamoja na gati. Koki zake hufungwa, tofauti na za nchi kavu, lakini baada ya kuondolewa maji. Meli kubwa za mizigo nazo hupumzika: malango ya Sault Ste. Marie, yanayoliunganisha Ziwa Superior na maziwa ya chini, hufungwa tarehe 15 Januari hadi 25 Machi, na meli nyingi hutumia muda huo kutengenezwa katika bandari kama Sturgeon Bay.

Kwenye mwambao wa Afrika Mashariki shida ni ya upande wa pili. Hakuna kuganda, lakini chombo cha mbao kilichopandishwa pwani hukaushwa na jua, mbao husinyaa na viungo hufunguka. Mafundi hutia kalafati upya, hupaka sifa, yaani mafuta ya samaki, juu ya mbao, na chini hupaka shahamu, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya wanyama, dhidi ya wadudu watoboao mbao. Boti za mbao za Chicago nazo hupatwa na ukavu huo zikihifadhiwa kwenye banda lenye joto. Ndiyo maana banda baridi lenye hewa ya kutosha huchukuliwa kuwa bora kwao.

Siku ya kushua

Ukaguzi wa mwisho hufanyika Aprili au Mei. Kizibo hurudishwa, mabomba hukazwa, wavu wa panya hutolewa, na kila kilichoandikwa daftarini hupitiwa na kufungwa. Kreni inapokishusha chombo, haikiachi mara moja. Chombo huelea kikiwa bado ndani ya mikanda kwa dakika kadhaa, wakati mwenyewe akishuka na tochi kutazama koki moja baada ya nyingine, shimo la mhimili wa propela na ngama. Penye tone, chombo hunyanyuliwa tena na kutengenezwa. Pakiwa pakavu, mikanda hulegezwa na msimu huanza.